Evarista Mkude Mabaso na Maua ya Mlangoni

"Bibi, mbona wewe mwenyewe huvai ua?"

Nilimuuliza marehemu swali hilo Jumapili ya tarehe 14 Mei 2017, Siku ya Mama, mlangoni mwa kanisa letu hapa Bertrams, Afrika Kusini. Nilikuwa na miaka minane. Mkono wa kushoto alikuwa na kikapu cha maua mekundu ya kitambaa, wa kulia kikapu cha maua meupe, na mdomoni pini sita. Akaniambia kupitia zile pini kwamba nimeziba mlango. Nikaliuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine, nikaambiwa nimenyoosha vibaya kola, au nimenenepa, au nikamwite Mchungaji. Jibu nimelipata mwaka huu. Nitalitoa mwishoni, kwa sababu Mama amenikumbusha kwamba wasifu una utaratibu wake na hauanzi na mlango wa kanisa, unaanza na kuzaliwa.

Marehemu Evarista alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1964 huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, Tanzania. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Zephania Mkude na Mama Leokadia. Jina lake lilitoka kwenye kalenda ya padre: mtakatifu wa siku hiyo alikuwa Evaristo, na yeye alikuwa msichana, wakabadili herufi ya mwisho na kuendelea na kilimo. Mama Leokadia alilima kabichi na njegere, akazishusha mlima kwa kichwa, akaupanda mlima na chumvi. Nilipomuuliza Bibi waliadhimishaje Siku ya Mama huko Mgeta, alinitazama kama mtu aliyeulizwa waliadhimishaje siku ya hewa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mgeta na kumaliza darasa la saba mwaka 1979. Kuanzia 1980 hadi 1982 alijifunza ushonaji kwa masista Morogoro mjini. Alifaulu, lakini alitolewa nje ya darasa mara moja. Walikuwa wameagizwa washone kifungo kwa mishono minne, yeye akashona kwa kumi na mmoja. Sista alimwambia kifungo si mbuzi, hakitatoroka. Bibi alijibu kwamba sista hajui vifungo. Naomba mliokaa hapa mkumbuke kifungo hicho, maana ndivyo alivyofanya kila kitu maishani mwake, na sisi wengine tulikuwa tunasubiri na sindano mkononi.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha nguo huko Mazimbu, kwenye makazi ya Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Siku moja akaja seremala, Thabo Mabaso, kutaka suruali yake ipunguzwe urefu. Baada ya wiki akairudisha, bado ni ndefu. Baada ya wiki nyingine akairudisha tena. Mara ya nne Bibi alimwambia, "Kaka, hii sasa ni kaptula. Kama una neno, sema, nguo imekwisha." Akasema. Walifunga ndoa Morogoro tarehe 5 Septemba 1987, na mwaka uliofuata wakamzaa Mama yangu, Happyness.

Tarehe 11 Julai 1992 Babu Thabo alirudi kwao Afrika Kusini, akaja na mke na mtoto. Walipanga hapa Bertrams, nyumba ileile ambayo wengi wenu mmelala chini sebuleni kwake wiki hii. Bibi alibatizwa Mkatoliki, lakini hapa alikwenda kwenye kanisa lililokuwa na ibada ya Kiswahili, akasema Mungu mwenyewe atajua kupanga. Alishona sare za shule kwenye karakana moja karibu na Joubert Park kwa miaka kumi na tisa, kisha nyumbani, kwenye kibaraza, hadi mwaka jana. Wapo hapa watu wazima ambao bado wana sketi zake, na vifungo vyote vipo.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu mwaka 1995, kwa sababu bila huo hamtaelewa kitu.

Mama Leokadia hakujua kuandika. Barua zake kwa Bibi ziliandikwa na kaka yake Bibi, Babu Wilbroad, ambaye amesafiri kutoka Morogoro na yuko nasi leo. Mama Leokadia alifariki tarehe 18 Februari 1995. Wakati huo Bibi alikuwa na mimba ya Mamdogo Nomsa, na kwao mjamzito hapewi habari ya msiba, mimba isije ikaharibika. Kwa hiyo hakuambiwa. Barua ziliendelea kuja kila mwezi, kwa mwandiko uleule, mama anakusalimu, mama anauliza tumbo. Mamdogo Nomsa alizaliwa tarehe 2 Julai. Bibi aliambiwa tarehe 13 Agosti, siku arobaini na mbili baadaye, wakati kaburi la mama yake lilikuwa limeshaota majani. Familia yote ilikuwa inajua, pamoja na Babu Thabo. Bibi hakugombana na mtu. Alimaliza kunyonyesha, akarudi kazini, na mwezi Mei mwaka uliofuata akajitolea kushika vikapu vya maua mlangoni mwa kanisa.

Desturi ya maua ilikuwepo kabla yake. Asubuhi ya Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, ambaye mama yake yu hai anavalishwa ua jekundu, na ambaye mama yake amefariki anavalishwa jeupe. Darasa la Jumapili Bibi alitufundisha ilikotoka. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kule Marekani, mwanamke mmoja alifiwa na mama yake, akagawa maua meupe kanisani amkumbuke. Watu wakaipenda, ikawa sikukuu ya nchi, wenye mama hai wakatafutiwa rangi yao, halafu wenye maduka wakaingia na kadi na chokoleti. Yule mwanamke alikasirika mpaka akatumia uzee wake kupigania sikukuu yake mwenyewe ifutwe. Na hakuwahi kuzaa. Sikuamini, nikatafuta kwenye maktaba ya shule. Ni kweli yote. Bibi alimpenda sana mwanamke huyo. Lakini zaidi aliwasifu Waingereza wa zamani, ambao wafanyakazi wao wa majumbani walipewa Jumapili moja ya Kwaresima waende makwao kuwaona mama zao. "Hao walikuwa na akili," alisema. "Mtu anakwenda kwa miguu yake, anaona kwa macho yake."

Ndugu zetu wa Kongo walilalamika kila mwaka kwenye kamati kwamba Mei si chochote, kwao siku ya wazazi ni tarehe mosi Agosti, asubuhi unasafisha makaburi ya waliokufa, mchana unakula na walio hai. Bibi akamaliza ugomvi kwa kuongeza kazi: tutafanya zote mbili. Kwa hiyo kila Agosti, kwa baridi ile, tulikuja makaburi haya na ndoo. Makaburi ya Wakongo yenyewe yako Bukavu na Uvira, hivyo tulisugua ya watu tusiowajua kabisa, ilimradi hayana mtu wa kuyatunza. Niliuliza kuna faida gani kumsugulia kaburi mama wa mtu mwingine. Nikapewa brashi.

Lakini kilichotuchosha kuliko vyote ni mlango. Niseme kwa heshima zote: Bibi alikuwa anachosha. Mama aliniomba nitoe neno hilo kwenye karatasi ya ibada, nikatafuta jingine siku mbili, sikuliona.

Ilikuwa hivi. Ukifika, anakuuliza, "Mama yuko?" Ukisema yuko, anauliza, "Umejuaje?" Ukisema alikuandikia, hataki barua. Ukisema kaka yako kasema mama hajambo, hataki kaka. Unapiga simu hapohapo, mbele yake, unasema, "Mama, upo?", na mama mwenyewe akijibu, "Nipo," ndipo unavalishwa jekundu. Miaka ya mwanzo, watu wakiwa hawana simu, aliwaswaga kama kuku hadi kwenye kontena la simu za kulipia na kuwarudisha. Huna salio, anatoa simu yake. Kila Siku ya Mama ibada ya saa tatu ilianza saa nne na robo. Mchungaji Théodore, ambaye ni mtu mpole, alishamwambia kwamba hata Petro kule mbinguni hana maswali mengi hivyo. Bibi akamuuliza, "Na wewe, Mchungaji, wako yuko?"

Mwaka 2019 Mama aliona amtoe mlangoni angalau mara moja, akamtengea meza kwenye hoteli moja nzuri Sandton, tukapanda treni ya kasi na nguo zetu nzuri. Mhudumu alipokuja kuuliza tunakunywa nini, Bibi naye akamuuliza mama yake yuko wapi na amempigia lini. Kijana akasema Limpopo, tangu Pasaka hajampigia. Basi. Alisimama pembeni ya meza yetu na trei mkononi, akiongea na mama yake dakika kumi na mbili, huku bosi wake anamtazama na supu yangu inapoa. Kisha Bibi akatoa ua jekundu kwenye mkoba. Alikuja nalo hotelini. Eish.

Na Pacifique, ambaye leo amebeba jeneza upande wa mbele, mwaka 2023 alifika mlangoni na mama yake yuko upande wa Fizi, kule Kongo, ambako simu zilikuwa zimekatika kwa sababu ya mapigano. Akapiga mara tisa. Alimwomba Bibi ampe tu jekundu, watu wanamtazama. Bibi akakataa. Akamwomba basi ampe jeupe yaishe. Akakataa pia, akamwambia, "Mwanangu, sikuzikii mtu asiyekufa, na sikufufulii mtu ambaye sijui kama yu hai." Pacifique aliketi ibada nzima bila ua, ana hasira hata hakuimba. Sisi wajukuu tuliona aibu. Kumbe Bibi alichukua ile namba, na Jumatatu yote akawa anaipiga huku anashona. Jumanne mama akapokea. Bibi aliacha sketi za watu, akaenda kwa miguu hadi Joubert Park, kwenye geti la jengo ambalo Pacifique ni mlinzi, akamwita mbele ya wapangaji wote, akamwekea simu sikioni na ua kifuani. Pacifique anasema alilivaa juu ya sare ya ulinzi wiki mbili.

Babu Thabo alifariki mwaka 2011. Bibi aliugua kisukari kwa miaka mingi, na kuanzia Novemba mwaka jana figo zilishindwa, akawa anapelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hata huko aliwauliza wauguzi. Mwezi Aprili mikono ilikuwa imevimba, lakini alishona maua ya mwaka huu, mekundu arobaini na meupe thelathini na tano, akayaweka kwenye kopo la biskuti. Jumamosi ya tarehe 26 Aprili nilikuwa namsaidia kukata vitambaa, na ndipo aliponijibu swali langu. Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, alifariki akiwa na miaka sitini, siku mbili kabla ya Siku ya Mama. Naona hata hilo alilipanga kutukera.

Jumamosi jioni Babu Wilbroad aliwasili, wakubwa wakakaa. Mamdogo Nomsa anaishi Durban na ana mimba ya miezi saba. Wakubwa wakakubaliana asiambiwe mpaka ajifungue. Sisemi kwa ubaya. Babu Wilbroad alieleza kwamba dada yao mkubwa alipopewa habari ya msiba wa baba yao alipoteza mtoto hapohapo, yeye alikuwepo, aliona. Mama yangu alilia, akakubali, kwa sababu aliogopa. Nilisema nilichoambiwa na Bibi, nikajibiwa kwamba haya si ya watoto wa darasa la kumi na moja. Nilikaa kimya usiku mzima, na nakiri mbele yenu kwamba ningeendelea kukaa.

Lakini jambo moja wakubwa walilisahau. Mamdogo Nomsa aliihamishia desturi ya Bibi kwenye kanisa lake kule Durban. Saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi ya Jumapili simu ya Bibi, iliyokuwa juu ya cherehani, ikaanza kuita. Chumba kizima kilijua ni nani na amesimama wapi. Babu Wilbroad akasema, "Iache iite." Ikaita hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Mama akasema kwa sauti ndogo nimwambie Bibi amelala, atampigia baadaye, na nilimwona Mama mwenyewe anavyolisikia hilo neno likitoka mdomoni mwake. Kwa hiyo nikapokea.

Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. Akasema, kama anavyosema kila mwaka, "Mama, upo?"

Nikamwambia, "Mamdogo, ni Carmel. Keti kwanza. Nani yuko karibu nawe?"

Wimbo wote uliisha nyuma yake. Kisha akauliza lini, nikamwambia lini. Akauliza kama aliteseka, nikamwambia hapana, si sana. Akauliza ni nani amenituma nimwambie, nikasema, "Bibi." Mwanamke aliyekuwa ameshika maua akachukua simu, na mumewe akafika, na nikasikia mtu akisema kwa Kizulu leteni kiti. Wananiambia alivaa jeupe hapohapo mlangoni. Jumatatu alikuja. Yuko hapa leo, kwenye kile kiti chenye mto, daktari amempima jana, na mtoto anacheza. Aliwaosha wakubwa wote kwa maneno, akaketi godoroni karibu na Mama, hawajaachana tangu siku hiyo.

Asubuhi ileile kanisani kwetu Mchungaji Théodore alitangulia mlangoni na lile kopo la biskuti. Watu walidhani safari hii wataingia tu. Akamsimamisha wa kwanza, akauliza, "Mama yuko?" Yule akasema yuko. Mchungaji akasema, "Umejuaje?" Ibada ilianza saa nne na nusu.

Babu Wilbroad hakuniongelesha hadi Jumatano. Siku hiyo nilikuwa naandika karatasi hii kibarazani, akaja akaketi kwenye kiti cha ushonaji. Alisema, "Zile barua nilikuwa naziandika mimi. Nilikuwa nalia naandika, naweka kwamba mama amevuna njegere." Nikamuuliza kama niliandike hilo. Akasema, "Liandike. Na uandike kwamba nilidhani namlinda." Nimeandika, Babu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Happyness na Nomsa. Wakwe wawili, baba yangu Cédric akiwa mmoja wao. Wajukuu watatu, na wa nne yuko njiani. Kaka mmoja, Wilbroad Mkude. Majirani wa mtaa huu wote. Na kopo la biskuti lenye maua kumi na moja yaliyobaki. Mwenyezi Mungu ampokee na ampe mapumziko, ingawa sijui atayafanyia nini. Akifika na maswali yake mlangoni, tunaomba huko wawe na subira.

Hili ndilo jibu lake. Tulikuwa tunakata vitambaa, mimi mekundu, yeye meupe, na sikuwa nimeuliza tena. Nilishaacha kuuliza. Alinyanyua mkasi tu, akasema:

"Nilivaa mara moja, Carmel. Mei ya tisini na tano, tumbo hili hapa. Walinisimamisha mbele ya kanisa wakanivalisha jekundu, na waliokuwa wanajua ndio waliopiga makofi zaidi."